Tupeane uzoefu: aliyeondoka akarudi, na riwaya za Kikristo zilizotufundisha kumpokea

Binti Kilosa
Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nimeleta mada hii kwa sababu ya kurasa ishirini na moja. Mwaka 2016 nilinunua kwenye vitabu vya mitumba, kando ya barabara katikati ya Dar es Salaam, nakala ya Redeeming Love ya Francine Rivers. Bila shaka wengi humu mmeisoma au mmesimuliwa kwenye vikao vya akina mama: binti aliyeuzwa tangu utotoni, California ya mwaka 1850 wakati watu wanakimbilia dhahabu, na mkulima Michael Hosea anayemwoa na kumfuata kila anapotoroka. Nakala yangu ilikuwa imenyofoka mwishoni. Iliishia pale Angel anapoondoka kwa mara ya mwisho na Michael, safari hiyo, hamfuati. Kwa miaka minane niliamini kwamba ndivyo kisa kinavyokwisha, na nilikiona kuwa cha kweli kuliko vyote nilivyowahi kusoma.

Mwaka uliofuata mchumba wangu, aliyekuwa amevunja uchumba wetu wiki tatu kabla ya ndoa, alikuja na wazee wawili kuomba radhi. Nilimjibu kwa upole kwamba nimemsamehe, na kwamba akitoka afunge geti. Juzi nimeazima nakala kamili kwa rafiki yangu, nikasoma kwamba baada ya miaka mitatu Angel anarudi kwa hiari yake. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Naomba tupeane uzoefu: ni nani humu alimpokea aliyeondoka, na je, ilikuwa kama vitabuni?

Kapera wa Makusudi
Dada, kwa hiyo mtoto wa watu alikosa mke kwa sababu ya gundi mbovu? Nacheka, lakini ninamhurumia.

Mama Wawili
Na mimi niliishia kwenye geti, tena sikuwa na kitabu chochote cha kusingizia.

Msomaji wa Usiku
Naomba niwe mkorofi mapema. Kitabu hicho nilikipenda nikiwa na miaka kumi na tisa, na nilipokirudia nikiwa na thelathini na minne kilinitia baridi. Michael anamwoa Angel wakati amelala hoi kwa kipigo, hajui hata anachokiitikia. Sisi tunaita hayo mapenzi ya kusubiri, lakini binti yangu akiniletea habari kwamba ameolewa akiwa katika hali hiyo, nitakwenda kumchukua usiku huohuo.

Mwalimu Mstaafu
Mama, hoja yako ina uzito. Hata hivyo tukumbuke kwamba mwandishi alikuwa akiandika riwaya za mapenzi za kidunia kabla ya kuokoka. Hii ilitoka kwanza mwaka 1991, kisha ikarekebishwa na kutolewa upya mwaka 1997 kwa ajili ya wasomaji wa Kikristo, na miguu yake miwili bado imo katika dunia zote mbili.

Mimi nafasi yangu ya pili ilikuja nikiwa na miaka sitini na mmoja, baada ya kumzika mke wangu, kwa hiyo nilijiona zaidi katika Love Comes Softly ya Janette Oke ya mwaka 1979, ambamo mjane na mgane wanaoana kwa sababu baridi inakuja na mtoto anahitaji mlezi. Watu husema kwamba huko hakuna wa kusamehewa. Si kweli. Nilikaa miaka miwili nikiwa nimemkasirikia marehemu kwa kuniacha, na mke wangu wa sasa alinivumilia katika hasira ambayo haikumhusu hata kidogo.

Nakuru Kwetu
Mimi ni mwanamume, na ninaandika kwa sababu mmemtaja Hosea, jina la yule nabii wa Biblia aliyeagizwa na Mungu ampende tena mke aliyezini. Mke wangu alikwenda kufanya kazi za nyumbani Ughaibuni, akanyamaza mwaka wa pili, akarudi mwaka wa nne na sanduku moja. Kwamba huko kulikuwa na mtu, alinieleza mwenyewe kabla sijamuuliza. Nilipowaambia watu wa kanisani kwamba ninataka kumpokea, wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, walinivuta kando wakanishauri nitafute msichana mwingine, kwa kuwa mimi bado kijana. Hakuna hata mmoja aliyenitajia Hosea. Lakini mwezi uleule, katika semina ya ndoa, wanawake walifundishwa asubuhi nzima juu ya kumsamehe mume anayetoka nje. Sasa niambieni, katika Biblia nabii aliyeagizwa kusamehe alikuwa mwanamke au mwanamume?

Mama Wawili
Andika kwa herufi kubwa, kaka yangu.

Mzee wa Kanisa
Vijana, tusiyageuze Maandiko kuwa riwaya. Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa kwanza mpaka wa nne, inakataza mume kumrudia mke aliyemwacha akisha kuwa mke wa mtu mwingine. Hizi hadithi za Wamarekani zinapendeza, lakini zinawafanya watu waone kuachana na kurudiana ni kama kuazimana ndoo.

Nakuru Kwetu
Mzee wangu, kwa heshima zote, mimi sikumwacha, sikumpa talaka, na yeye hakuolewa. Andiko hilo halikuwa na anwani ya nyumbani kwangu.

Mzee wa Kanisa
Nilisema kwa jumla.

Kapera wa Makusudi
Kwa jumla ndiko wanakojificha wote.

Fundi Cherehani
Nilikuwa ninapita tu, lakini hiyo California imeniamsha, kwa kuwa sisi tunaoishi Mbeya hatuhitaji kuelezwa na Mmarekani jinsi dhahabu inavyomfanya mwanamume asahau njia ya kwao. Mume wangu alikwenda Chunya mwaka 2012 kwa miezi mitatu. Alikaa miaka sita. Miaka miwili ya kwanza alituma fedha, mwaka wa tatu alituma salamu, na baada ya hapo nikawa ninasikia kwa watu kwamba ana nyumba nyingine na mtoto. Wangu watatu niliwasomesha kwa cherehani moja na sare za shule za watoto wa wenzangu.

Alirudi Jumapili moja ya Novemba, mvua zimeanza, akapitia kwanza kwa mchungaji. Wakaitwa wazee, wakaitwa mawifi zangu na kaka yangu, tukakaa sebuleni kwangu, na mume wangu akapiga magoti. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kusoma riwaya kama tano za namna hii, alizokuwa akiniazima mama mchungaji, na nilijua ninachotakiwa kusema. Nikasema nimekusamehe. Mama mmoja akapiga vigelegele, tenzi ikaanzishwa, soda zikaletwa. Katika riwaya sura hufungwa hapo. Kwangu ilikuwa saa kumi na moja jioni, na sikujua mtu huyu atalala wapi.

Alilala sebuleni. Sitaficha: usiku ule nilifunga mlango wa chumbani kwa komeo, nikasogeza na cherehani nyuma yake, ingawa hajawahi kuninyoshea mkono maishani. Asubuhi aliingia jikoni akapeleka mkono kwenye rafu iliyo juu ya dirisha kuchukua chumvi, kwa sababu mwaka 2012 chumvi ilikuwa ikikaa pale. Akakuta mabunda ya nyuzi. Alibaki amesimama, mkono uko juu, hajui aushushe vipi. Nilitaka kulia na nilitaka kumfukuza, yote kwa pamoja.

Nilimpikia kila siku. Sikumnyima chakula wala sikumtukana, na kanisani walinisifu hata nikawekwa niwafundishe wenzangu. Baada ya miezi minane, binti yangu mkubwa ndiye aliyeniuliza, "Mama, mbona baba unampakulia kwenye vyombo vya kabatini?" Ndugu zangu, nilikuwa sijui. Kwa miezi minane mume wangu alikuwa akila kwenye sahani za maua ninazowatolea wageni, na chai yake kwenye kikombe chenye kisahani, wakati sisi wanne tunatumia sahani zetu za plastiki na lile bakuli la bati lililobonyea ubavuni. Yeye alikuwa amelijua hilo tangu siku ya kwanza, akanyamaza. Jioni ile nilimtilia mboga kwenye bakuli la bati. Aliliangalia, akalizungusha mpaka ule ubavu uliobonyea ukamwelekea yeye, kama alivyokuwa akifanya zamani, akamega ugali. Hatukusema neno. Kama kuna siku nilimsamehe ni hiyo, na hapakuwa na mchungaji.

Mama Wawili
Vyombo vya kabatini. Nimeweka simu chini kwanza.

Binti Kilosa
Dada Fundi, nimesoma mara tatu. Asante.

Kapera wa Makusudi
Sasa yule mtoto wa Chunya? Usituache njiani.

Msomaji wa Usiku
Kabla ya mtoto, samahani kwa kuuliza mbele za watu, lakini hakuna riwaya hata moja inayouliza: mlipima?

Fundi Cherehani
Tulipima mara mbili, ya pili baada ya miezi mitatu, kabla hajahama sebuleni. Nesi alikuwa mtu mzima, hakuuliza kwa nini tumekaa viti viwili mbalimbali. Mtoto aliletwa mwaka 2020, akiwa na miaka sita, na mfuko wa nguo pamoja na kadi yake ya kliniki. Yupo hapa. Ananiita mama mkubwa, jina alilolichagua mwenyewe.

Mama Wawili
Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana, dada. Mume ningempokea. Mtoto angekwenda kwa bibi yake.

Nakuru Kwetu
Mtoto ana kosa gani?

Mama Wawili
Sijasema ana kosa, nimesema mimi sina moyo huo. Unataka nidanganye?

Mzee wa Kanisa
Katika hilo namuunga mkono Fundi. Hosea alikuwa na watoto watatu nyumbani, na Maandiko yanamtaja wa kwanza tu kuwa mkewe alimzalia yeye waziwazi.

Mjukuu wa Mchungaji
Mzee, umefungua mwenyewe mlango wa Hosea, basi niingie. Ile sheria ya Kumbukumbu la Torati uliyoitaja, Mungu mwenyewe anaikumbusha katika Yeremia 3:1, kwamba mwanamume hawezi kumrudia mke wa namna hiyo, na katika mstari huohuo anawaambia watu wake warudi kwake. Lakini kinachonishika mimi ni Hosea 3. Waandishi wa riwaya hizi wanaipenda sana ile bei ya mstari wa pili, vipande kumi na vitano vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri, kwa sababu ni ya kusisimua. Mstari wa tatu wanauruka. Hapo nabii anamwambia yule mwanamke kwamba atakaa kwake siku nyingi bila kuwa wa mwanamume yeyote, naye nabii atakuwa hivyohivyo kwake. Amekwisha kumlipia, amemleta nyumbani, na bado kuna siku nyingi. Babu yangu alipofika hapo katika mahubiri alikuwa akitulia kidogo, kisha anasema, "Walilala vyumba viwili." Dada Fundi na sahani zake za maua yuko ndani ya mstari huo.

Nakuru Kwetu
Kwangu siku nyingi zilikuwa mwaka mmoja na robo. Na fedha hakukuwa na fedha; mama mkwe aliniletea kilo mbili za sukari na kuku mmoja, tena kuku mwenyewe alikuwa anakohoa.

Kapera wa Makusudi
Kuku wa upatanisho.

Binti wa Pwani
Mnaendelea vizuri, lakini naomba mmoja aseme neno kwa ajili ya sisi ambao aliyerudi alirudi na ngumi zake. Mimi nilimpokea mara nne kwa sababu ya vitabu hivi. Kila mara niliona kwamba ninachohitaji ni kusubiri ukurasa mmoja zaidi, ndipo atakapovunjika moyo na kulia kama wanavyolia wanaume wa vitabuni. Mara ya nne nilipoteza jino. Nimemsamehe kweli, wala simwombei mabaya, na ninaishi mji mwingine.

Msomaji wa Usiku
Dada, pole sana. Umefanya vema. Na wewe unayesoma haya kimyakimya ukiwa na alama shingoni, funga riwaya, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, hayo ya kusamehe utayafanya ukiwa umelala mahali salama.

Mzee wa Kanisa
Hapo sina la kupinga. 1 Wakorintho 7:11 inataja njia mbili kwa mwanamke aliyeachana na mumewe: akae bila kuolewa, ama apatane naye. Ya kwanza nayo ni njia.

Mama Wawili
Mzee leo umekula nini? Endelea hivyohivyo.

Mwalimu Mstaafu
Binti Kilosa, sasa turudi kwako, maana ndiwe uliyetuita. Mimi ningekushauri umtafute yule bwana, hata kama ni kumsalimu tu.

Fundi Cherehani
Mimi ningekushauri usimtafute. Aliyevunja uchumba wiki tatu kabla ya ndoa alijua unapoishi.

Kapera wa Makusudi
Mtumie zile kurasa ishirini na moja kwa posta, bila barua.

Binti Kilosa
Nawashukuru wote. Yule bwana ameoa, ana watoto wawili, mkewe tunafahamiana na ni mtu mwema, kwa hiyo hakuna wa kutafutwa. Nilichokuwa ninakihofia ni kwamba nilimkataa kwa sababu ya kitabu kibovu, na usiku huu, baada ya kusoma habari za sahani, nimekumbuka jambo nililokuwa nimelisahau. Siku ile alipokuja na wazee niliwaletea chai, na vikombe nilivyotoa havikuwa vya kabatini. Nilimpa kile cha plastiki cha bluu ambacho siku zote kilikuwa chake. Kisha nikamwambia afunge geti. Sijui maana yake ni nini.

Rafiki yangu anataka kitabu chake kesho. Leo jioni nimekwenda stesheneri nikatoa kopi ya zile kurasa kwa shilingi mia moja kila moja, nimezibandika kwenye nakala yangu ya mitumba, na nimeweka pasi nzito juu yake ili gundi ishike.

Nakuru Kwetu
Ikishika, mimi ndiye wa kwanza kuazima.