Kikundi cha Nyumba ya Mkomani, Lamu: Bibi anakwenda Mombasa

Swabra: Asalaam aleykum. Bibi amepata miadi ya macho Mombasa, Alhamisi. Apande basi au tukodi gari dogo ng'ambo Mokowe?

Omari: Waaleykum salaam. Gari dogo. Bibi atanyoosha miguu.

Ami Shee: Basi. Gari dogo likipata pancha Nyongoro jua linatua, mtasimama na nani? Basi angalau mko wengi.

Fatma (Malindi): Ami, basi lipi? Mwezi uliopita nilipanda moja hapa Malindi, mkanda umefundikwa chini ya kiti, na mahali pa kuingizia kile kichuma hapapo kabisa. Karibu na kizuizi kondakta akapiga kelele: "Fungeni mikanda, askari mbele!" Basi zima tukaanza kupekua chini ya makalio. Wangu nikaushika kwa mkono tumboni kama mkoba. Tulipovuka, kila mtu akaachia.

Omari: 😂😂 hiyo ni kila siku

Swabra: Bibi yuko hapa, namwandikia. Anasema: "Mkanda huo ni wa askari au wa mwenye mbavu?"

Ami Shee: Mwambieni mamangu anauliza vizuri. Mwaka 2004, sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, zilipoanza, nilikuwa kwenye usukani. Magari yalilala siku kadhaa, mikanda ikatiwa kila kiti, spidi gavana, kile kizuia mwendo, ikafungwa kilomita 80 kwa saa, mimi na utingo tukavishwa yunifomu. Abiria wenyewe wakawa wanatukaripia. Siku hizi mkanda hukumbukwa ukaguzi ukikaribia, ukishapita unarudi chini ya kiti.

Omari: Lakini Ami siku hizi kuna lami. Si kama zamani mkilala Witu kwa tope.

Ami Shee: Hiyo lami ndiyo naiogopa. Zamani ndia ilikuwa mbovu, shimo ndilo lilikuwa gavana letu. Sasa imenyooka, joto la mchana, abiria wamelala, na dereva naye anawafuata. Omari wewe huangalia taa za rangi na televisheni. Mimi huuliza dereva jana alilala wapi.

Omari: Utajuaje?

Ami Shee: Unamuuliza! Salamu, chai, umelala vipi. Sheria yasema dereva wa gari la abiria asizidishe saa 8 za kuendesha ndani ya saa 24. Sasa piga hesabu. Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. Kwa mwendo wa 80 bila kusimama popote ni kama saa nne. Tia vizuizi vya Gamba na Minjila, watu wanashuka na vitambulisho mkononi. Tia Malindi, abiria na mizigo. Tia foleni ya Mtwapa. Saa saba hizo zimekwenda. Dereva huyohuyo akigeuza siku ileile, nusu ya ndia anaendesha na usingizi.

Fatma (Malindi): Subhanallah. Na sisi nyuma tunasema dereva hodari, kafika mapema.

Swabra: Bibi anasema hayo yote amesikia, lakini yake ni mengine. Namwandika kama anavyosema: "Mimi nna sukari. Daktari aniambia ninywe maji, basi laniambia nisinywe. Mara ya mwisho tangu Mokowe sikutia tone mdomoni. Likasimama kichakani, wanaume wakashuka, wakamaliza, wakapanda. Sisi wake tukabaki tunatazamana. Palikuwa na mja mzito kiti cha nyuma yangu, akaomba, kondakta akamwambia tumechelewa. Alilia yule mtoto. Mkiniambia basi lina choo safi mahali fulani, na litasimama kweli, nitalipa nauli mara mbili."

Fatma (Malindi): Haki ya Mungu Bibi, umesema lililo moyoni mwa wanawake wote.

Omari: Sikuwahi kufikiria hilo 🙈

Fatma (Malindi): Utafikiriaje, na wewe una kichaka.

Athman: Nimesoma yote, nilikuwa kazini. Mnajua nilikuwa nawakatia abiria tiketi pale Langoni miaka miwili. Watu huuliza mawili tu: nauli ngapi na linaondoka saa ngapi. Wa choo sikumpata hata mmoja, wa mkanda nilipata mmoja, na ni mzungu. Mwenye basi naye anasikiliza dirisha la tiketi. Swabra, ukienda kukata, uliza hayo kwa sauti, wenye foleni wasikie.

Swabra: Na kiti?

Athman: Katikati. Kile cha nyuma kabisa kitamrusha mgongo, juu ya gurudumu vilevile. Waambie akae na mwanamke mwenzake, huwa wanakubali ukisema mapema. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Na ule mkanda ujaribu kabla hujaweka mkoba, maana likishaondoka hubadilishiwi. Ndoo za samaki ziende buti, zisivuje chini ya miguu yake.

Ami Shee: Kondakta mwambieni mapema, kabla ya Mokowe kuachwa: huyu ni mgonjwa wa sukari, atashuka Witu na Garsen penye choo. Ukimwambia njiani ataona ni usumbufu.

Fatma (Malindi): Mkifika Malindi nitakuwa stendi na maji baridi na mkate. Bibi anaweza kunywa, kwangu si mbali.

*Alhamisi, alfajiri*

Swabra: Tumevuka salama, tuko Mokowe. Dereva asema alilala hapahapa jana. Kiti cha 14 mkanda wake haufungi, Bibi amehamishiwa cha 18, mkanda huo unalia "tak".

Ami Shee: Alhamdulillahi. Choo je?

Swabra: Kondakta amekubali Witu. Bibi amemtajia dua na hapohapo amemwonya.

Omari: Mmeondoka?

Swabra: Bado. Bibi amekataa liondoke. Anauliza kwa nini yule kijana wa kiti cha mbele yake hajafunga. Kondakta anapita kiti kwa kiti sasa, Bibi anamhesabia kwa sauti. Ambao hawajafunga ni kumi na moja.