Haki ya hifadhi ya jamii inatolewa dirisha gani?

MzeeFaili: Wakuu, Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 22, linasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii. Nalisoma hapa nikiwa kwenye foleni ya pensheni. Karani anataka uthibitisho kwamba niko hai, uliogongwa muhuri. Nikamuuliza, si mimi huyu nimesimama? Akasema mfumo haunioni. Sasa hiyo haki ni dirisha namba ngapi?

BibiMuhuri: Pole mkuu. Uhai usio na muhuri ni uvumi tu. Na toa nakala tatu kabisa.

Mchokonozi: Soma Mkataba wa 1966 wa haki za kiuchumi, ibara ya 2. Serikali zinatakiwa kutekeleza haki hizi hatua kwa hatua, kadiri ya uwezo wao. Foleni yako ndiyo hizo hatua! Bismarck naye, kansela wa Ujerumani, mwaka 1889 aliwatungia Wajerumani sheria ya pensheni ya uzeeni kuanzia miaka 70, umri ambao wengi hawakuufikia. (Alitaka kuwapunguza nguvu wasoshalisti, msimwonee huruma.)

MzeeFaili: Asante. Nimefika dirishani, wametoka kula.