Tupeane uzoefu: kuotesha maua madogo kwenye ukuta wa mawe

Wakuu, habari za Jumapili. Kwetu Mwanza ukijenga mlimani, lazima uweke ukuta wa kuzuia udongo. Wangu una mita 1.5, mawe yamepangwa tu, bila saruji. Mwaka juzi nikanunua miche mikubwa kitaluni, nikaibana kwenye mianya kwa nguvu. Wiki mbili tu, yote imekauka. Kuichomoa, kumbe mizizi ilikuwa inaning'inia kwenye uwazi kati ya jiwe na jiwe. Udongo wa nyuma haijaugusa kabisa.

Mara ya pili nikachukua vichipukizi vya shubiri na kalanchoe (ua lenye majani manene), urefu wa kidole. Mizizi nikaiviringishia tope la mfinyanzi na mboji, nikasukuma kwa kijiti mpaka nikasikia imegota kwenye udongo. Kati ya 20 vimeshika 14. Nani mwingine amejaribu?

Binti wa Lushoto: Mimi hapa, kaka. Nimeweka vayoleti ya Usambara. Wazungu wanaifuga dirishani, lakini kwao ni huku, kwenye miamba yenye kivuli. Mjerumani Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya enzi za ukoloni wa Wajerumani, aliipeleka kwao, na mwaka 1893 ikaitwa Saintpaulia. Yangu sikung'oa msituni, tafadhali msing'oe. Shoga yangu alinipa jani moja, nikalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, likatoa watoto. Nimeipanda upande usiopigwa na jua, kangaga zinapoota zenyewe. Kosa langu lilikuwa kuimwagia maji ya baridi juu ya majani, yakafanya madoa. Siku hizi namwaga juu ya ukuta, maji yanashuka yenyewe nyuma ya mawe.

Mzee wa Unguja: Nyie mwatafuta yaote, sisi huku twatafuta yasiote! Nyumba yangu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ndege akaangusha mbegu ya mtini mwitu, nami nikauona mche mzuri, nikauacha. Baadaye ukuta wa uani ukafanya ufa. Nikaukata, ukachipua tena. Fundi alipofungua ukuta alitoa mzizi mnene kama mkono wangu. Kangaga sizigusi, lakini mtini mwitu ung'oeni ukiwa na majani mawili.

Wa Arusha: Kabla sijaanza, hiyo mianya haileti nyoka? Mama watoto ameshaweka pingamizi.

Wa Mwanza (mwanzisha uzi): Shikamoo mzee wa Unguja, nimekusikia, kesho nakagua ukuta wote. Mkuu wa Arusha, nyoka bado sijamwona. Nina mijusi wetu wale wa kichwa chekundu na mwili wa buluu, wanaota jua hapo kama wamelipia kodi. Ila mkono siingizi kwenye mwanya nisiouona ndani. Kijiti kwanza.