Wafuga mbwa wa Tanga, mmea gani wa uani umewahi kumdhuru mbwa wako? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam.

Nipo Chumbageni, nafuga mbwa wawili wa ulinzi. Juzi jirani kazika mbwa wake kwa sababu ya mtapo, ule mmea wenye majani yanayofanana na mkindu tunaoupanda mbele ya nyumba kwa urembo. Mbegu ziliiva zikadondoka, mbwa akazitafuna. Jioni akatapika. Kulipokucha akaonekana mzima, jirani akajua yamekwisha. Baadaye ufizi na weupe wa macho ukageuka njano kama bizari, kumbe ini limeshaharibika.

Watu tunaogopa sumu ya panya tu. Aliyepatwa na jambo kama hili atueleze: mmea gani, dalili gani, mlifanyaje.

Mtu wa Pongwe
Kwangu ni mbono. Uzio wote wa shamba ni mbono, na matunda yake yakikauka yanapasuka, mbegu nyeusi zinaanguka chini. Mtoto wa mbwa alizichezea, akatapika na kuharisha mpaka miguu ikalegea. Bwana mifugo akamtundikia dripu, akapona. Siku hizi kijana anafagia chini ya uzio kila jioni kabla hatujawafungulia mbwa.

Bi Mkubwa
Wanangu, mtapo si wa kuchezea. Wazee wetu walizila mbegu zake wakati wa njaa, lakini waliziloweka siku nyingi wakibadili maji, ndipo wakasaga unga. Sembuse mbwa anayezitafuna mbichi!

Kijana wa Sahare
Sisi ilikuwa nyonyo. Mzee aliweka mashudu ya nyonyo kwenye migomba kama mbolea. Harufu yake mbwa wanaipenda, wetu akafukua usiku mzima. Kesho yake ndipo akaanza kuharisha damu. Majirani wakasema mpeni maziwa, tukampa. Hakupona.

Mifugo Muheza
Pole sana ndugu yangu. Hii nimeisomea, naomba niweke sawa, maana Tanga maziwa yamefanywa dawa ya kila kitu. Maziwa hayaondoi sumu ya nyonyo. Maji ya chumvi ya kumtapisha ni hatari zaidi, chumvi yenyewe inaweza kumuua. Mafuta ya kula yanaweza kumpalia yakaingia mapafuni. Na mkaa wa jikoni uliotwangwa si ule mkaa wa dawa anaotumia daktari.

Mtoe mabaki mdomoni, chukua tawi au mbegu za mmea wenyewe, mpigie daktari wa mifugo huku mkiwa njiani. Atataka kujua amekula saa ngapi na ana uzito gani. Msisubiri aumwe. Kwa nyonyo na mtapo, ukiona dalili ujue sumu imeshafanya kazi.

Binti Ngamiani
Mmelisahau jiko. Shughuli ikiisha, makombo ya pilau yote anamwagiwa mbwa. Kitunguu hata kikipikwa kinavunja chembe nyekundu za damu yake. Mbwa wa kaka yangu alianza kulala lala siku kadhaa baada ya harusi, ufizi mweupe, mkojo mweusi mweusi. Na ninyi mnaowapa kitunguu saumu eti kinaua minyoo, saumu ina madhara yaleyale. Dawa ya minyoo inauzwa, nunueni.

Mpita Njia
Mnyaa nao. Tulipunguza uzio, mbwa akapita kwenye matawi mabichi, ule utomvu mweupe ukamwingia jichoni. Akawa anasugua uso mchangani. Tulimshika watu wawili, tukamwagia maji safi muda mrefu, kisha tukampeleka kwa daktari. Jicho limepona. Mkikata mnyaa, mfungieni kwanza.

Mwenye uzi
Shukrani wakuu. Asumini na rehani je? Mama watoto kasema vya kwake having'olewi.

Mifugo Muheza
Mwache shemeji na maua yake, asumini na rehani hazina neno kwa mbwa. Mchaichai akila mwingi utamsumbua tumbo, uzungushie tu wavu. Ila kama na wewe una mtapo, ung'oe. Usikate mbegu ukadhani umemaliza, majani na mizizi ina sumu ileile. Na ukishaung'oa usiutupe jalalani wanakopita mbwa wa wenzako, uchimbie shimo refu.