Naomba ushauri: amekiri kwa neno "kweli" tu, rufaa inasimama?

Habari za jioni wakuu, hasa mawakili wa Moshi na Arusha. Mfungwa yuko gereza la Karanga, mahakama ya wilaya imemtia hatiani kwa bangi baada ya kukiri. Kwenye mwenendo (kumbukumbu za kesi) jibu lake ni neno moja: "Kweli." Maelezo ya kosa aliyosomewa yanataja mfuko na uzito, ila taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ya kuthibitisha kuwa ni bangi, haimo. Sasa alichokiri ni bangi, au ni majani makavu tu?

Najua aliyekiri hukata rufaa juu ya adhabu pekee. Lakini kesi ya Laurence Mpinga (1983) inafungua milango ya kupinga hata kutiwa hatiani: kukiri kusikokamilika, kukiri bila kuelewa, hati ya mashtaka isiyoonyesha kosa kisheria, au maelezo yasiyotosha kumtia hatiani. Nimeshika wa kwanza na wa mwisho.

Kusudio la rufaa lilipita kwa mkuu wa gereza ndani ya siku 10. Zile siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe hazihesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu, kwa hiyo mhuri wa siku ya kuipokea tumeutunza.

Ninapokwama: Mahakama Kuu ikibatilisha hukumu, itamrudisha akasomewe shtaka upya, au kesi ya Fatehali Manji (1966), inayokataa upande wa mashtaka kupewa nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi, inatosha kuomba aachiwe? Na ukali wa adhabu niuweke kama sababu mbadala, au utadhoofisha hoja ya kukiri? Anatumikia kifungo kila siku tunayochelewa.