Naomba ushauri: taa za Noeli za kuendeshwa na kompyuta, nianzie wapi?

NuruKatuba
Jambo ba yaya wote. Nataka Noeli hii nyumba yetu hapa Katuba, Lubumbashi, iwake kwa kufuata muziki, kila taa na rangi yake, ngoma ikipiga taa zinaitika. Nimeshusha programu ya xLights kwenye laptopu, lakini ina madirisha mengi na sijui nishike lipi. Mmoja ananiambia nianze na WLED, mwingine Falcon Player juu ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo. Watoto wa avenyu wananiuliza kila jioni. Nina taa 300 za WS2811, zile ambazo kila moja inaamriwa rangi yake, na alimantasio (kifaa cha kushusha umeme wa nyumba) ya volti 5. Programu ipi kwanza? Nisaidieni, silali.

MuzeeKamalondo
Kijana, umenifurahisha sana. Watu wanadhani mambo haya ni ya juzi. Mwaka 1882, huko New York, Edward Johnson, mwenzake Edison kazini, alifunga taa 80 kwenye mti wa Noeli nyumbani kwake: nyekundu, nyeupe na buluu, na mti wenyewe ukizunguka kwa umeme. Utotoni mwetu tulikata karatasi za rangi na kuzibandika dirishani, mshumaa nyuma yake. Mama alikaa macho mpaka uishe, asiache uteketeze pazia.

FundiRuashi
Programu baadaye. Umeme unatoka wapi?

NuruKatuba
Umeme upo, yaya. Nauliza programu.

MamaBijou
Mwanangu, mfuko wa unga umeshaweka? Januari inakuja na karo za watoto. Sikukatazi furaha, ila bukari kwanza, taa baadaye.

PikseliBelAir
Nitamjibu alichouliza, kwa sababu na mimi nilihangaika hapo hapo. WLED unaipakia kwenye ESP32, kibodi kidogo chenye wifi kinachoamuru taa, unaifungua kwa simu na taa zinawaka leo leo. Ndiyo ya kuanzia. xLights ni ya kupanga wimbo: taa ipi, rangi gani, sekunde ipi. Laptopu ikiwa imewashwa, xLights inaweza kuituma ile kazi kwa wifi hadi WLED. Falcon Player inakuja siku utakapotaka maonyesho yajiendeshe bila laptopu. Ukitumia E1.31, njia ya kutuma amri za taa kwa mtandao, kumbuka kila univasi (fungu la amri) ina chaneli 512, na taa moja inakula chaneli tatu, nyekundu, kijani na buluu, kwa hiyo univasi inatosha taa 170 tu. Taa 300 zinataka univasi mbili. Wengi wanakwama hapa, nusu ya nyumba inabaki giza na wanailaumu programu.

Sasa swali la FundiRuashi. Taa moja ikiwa nyeupe kamili inaweza kuvuta hadi miliampea 60. Mara 300 ni ampea 18, yaani wati 90. Alimantasio utaiweka wapi, na waya utatoka wapi?

NuruKatuba
Sawa. Lupangu, yaani kiwanja tunachoishi, ni la familia nne. Mita si yetu, tumevuta waya kwa jirani, ule wa alumini, unapita juu ya kamba ya nguo. Nitaurefusha mpaka chini ya mabati na kufunga alimantasio pale pale, niifunike na plastiki. Misumari nimeshapiga. Jirani anajua. Na jamani, taa ni za volti 5, haziwezi kumdhuru mtu.

FundiRuashi
Volti 5 haziui. Zinazoua ni 220 zinazofika kwenye hiyo alimantasio. Ile ya bati yenye matundu imetengenezwa kukaa ndani, pakavu, na skrubu za umeme ziko wazi pembeni. Desemba Lubumbashi ni mvua na radi. Plastiki inanasa jasho, maji yanaingia, umeme unashika mabati, mabati yanashika kamba ya nguo. Mama anayeanika nguo asubuhi hajui chochote kuhusu xLights yako.

Niliwahi kuchomelea geti kwenye lupangu moja, nikashika nguzo ya veranda, mkono ukagoma kuachia. Aliyeniokoa ni mtoto aliyekimbia kuzima. Hakukuwa na ile disjonkteri inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Kwako ipo?

NuruKatuba
Haipo. Lakini avenyu nzima tunaishi hivyo hivyo miaka yote. Na pesa ya taa imeshatoka, siwezi kuzirudisha.

KijanaGolf
Samahani, mimi naona hadithi hapa. Mwanzo ilikuwa "nyumba yetu", sasa lupangu la familia nne na umeme wa jirani. Akaunti mpya. Kila Desemba anatokea mtu wa namna hii analia, kesho yake anatangaza anauza seti nzima za taa. Tusipoteze usiku wetu.

MamaBijou
Na mimi nilianza kujiuliza. Mtu hana mita, ana taa 300?

NuruKatuba
Siuzi kitu. Nilinyamaza juu ya umeme kwa sababu nilijua mtasema acha. Jana usiku nimeziwasha zote chumbani, nyeupe. Mwanzoni ni nyeupe safi, katikati zinakuwa njano, mwishoni rangi ya chungwa. Nikiweka nyekundu peke yake, zinafika mpaka mwisho vizuri. Nimebadilisha programu, ni vilevile.

PikseliBelAir
KijanaGolf, huyu taa anazo. Hakuna anayebuni ugonjwa huo. Volti zinapungua njiani, na buluu na kijani ndizo zinazochoka kwanza, nyekundu inavumilia. Programu haina kosa. Umelisha umeme upande mmoja tu. Peleka waya mnene katikati na mwishoni pia, na hasi zote ziungane na hasi ya ESP32.

Na hapa ndipo 220 inapokosa kazi. Kuna betri ya sola lupanguni?

NuruKatuba
Kaka yangu anayo, volti 12, ampea-saa 100. Anachajia simu za watu.

PikseliBelAir
Muombe betri hiyo kwa jioni. Betri ikae ndani, fyuzi karibu kabisa na betri. Toa volti 12 kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, uzishushe ziwe 5 kwa kigeuzi kidogo kilicho karibu na taa. Usisafirishe volti 5 mbali: ampea 18 kwenye waya huo, mita 15, volti karibu 4 zinaishia njiani. Ndani ya WLED kuna sehemu ya kuweka kikomo cha miliampea, iweke. Kwa mwanga wa asilimia 30 utatumia karibu wati 30, na usiku macho hayatajua tofauti. Ukiwasha kwa muda wa saa nne kila jioni ni wati-saa 120, betri ya kaka yako itabaki na nguvu za simu.

KijanaGolf
Basi nimeelewa. Nina vigeuzi viwili nyumbani havina kazi, vya ampea 10 kila kimoja. Kila kimoja kilishe nusu yake, chanya zao zisiungane. Niandikie pembeni.

NuruKatuba
Asante, kaka. Nitaanza na dirisha na mlango. Lakini paa ndilo linaloonekana kutoka barabarani, na misumari ipo tayari. Mvua ikikatika siku mbili tatu, nikavuta 220 kwa usiku wa Noeli tu?

FundiRuashi
Hapana.

MamaBijou
Hapana, mwanangu. Dirisha linatosha, watoto watakuja karibu.