Ushauri wakuu: Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F kwa ajili ya gemu?

MwanaUyole (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Niko njia panda, na muuzaji wa Kariakoo amenipa hadi kesho mchana, baada ya hapo mzigo anampa mtu mwingine. Naunda kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza na prosesa zimebaki mbili: Ryzen 5 5600 ya AMD kwa 340,000 au Core i5-12400F ya Intel kwa 355,000. Zote zilitoka 2022, zote kori 6 (vitengo vya kuchakata) na thredi 12 (kazi zinazoshikwa kwa pamoja), zote sandukuni zimeandikwa wati 65. Nimeangalia video mpaka macho yanauma, huyu anasifia AMD, yule anasifia Intel.

Nacheza Valorant, EA FC na GTA V, na baadaye nataka nianze kurusha gemu mubashara. Umeme nanunua mwenyewe kwa LUKU, kwa hiyo ulaji nao nauangalia. Ipi itanipa fremu (picha kwa sekunde) nyingi? Naomba majibu ya kitaalamu, ushabiki tuuweke pembeni.

Kisiki Kibichi
Ryzen. Mods fungeni uzi.

Mzee wa Viwanja
Kijana, prosesa peke yake laki tatu na nusu, bado mazabodi (bodi kuu), ram, kasha, skrini. Ukijumlisha hapo hukosi milioni na kitu. Umri wako sisi tulikuwa tunatafuta kiwanja. Gemu haitakusitiri mvua ikinyesha. Fikiria sana.

Nahodha wa Kilindini
Huku Mombasa nilikuwa na saiba karibu na feri ya Likoni, mashine zote Intel. Ndugu zangu, kilichoniua hakikuwa prosesa, ilikuwa hewa ya bahari. Chumvi ilikula miguu ya ram na matundu ya nyuma, unafungua kasha unakuta kijani kimeota kwenye shaba. Kila mashine ikikataa kuwaka nilikuwa nachomoa ram, nasugua kwa kifutio cha penseli, inawaka, wiki mbili tena imezima. Mleta mada kama unakaa karibu na maji usinunue kasha la matundu mengi. Hilo ndilo la kwanza, prosesa baadaye.

MwanaUyole
Mkuu mimi niko Mbeya, bahari tunaiona kwenye picha. Tujikite kwenye prosesa tafadhali.

Kigoma Mjini
Kaa mbali na Intel. Zinaungua zenyewe, ilikuwa habari dunia nzima.

Bi Soketi
Tusimtishe mtu bure. Zilizopata tatizo la volteji ni za kizazi cha 13 na cha 14, tena hasa zile kubwa, na mwaka 2024 Intel walitoa marekebisho ya BIOS (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) na kuongeza waranti. 12400F ni kizazi cha 12, haimo kwenye mkumbo ule.

Mleta mada, kwenye gemu prosesa hizo mbili ni pacha. 5600 ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32, mwenzake ana MB 18, lakini kori za Intel nazo zina nguvu, kwa hiyo gemu hii anatangulia huyu, ile anatangulia yule, tofauti ya fremu chache. Kinachoamua fremu zako ni kadi ya grafiki. Hizo prosesa zote mbili hazina grafiki ndani, na herufi F kwenye ile ya Intel ndiyo maana yake, kwa hiyo lazima uwe na kadi. Hujaitaja. Ni ipi?

MwanaUyole
Asante sana dada. Kadi ninayo tayari, hiyo haina shida. Ninachotaka ni prosesa tu.

Mzee wa Uniti
Mimi nijibu la umeme maana watu wanalitaja kwa hofu kuliko linavyostahili. Wati 65 ya kwenye sanduku siyo kipimo cha ulaji wako. 5600 ikikazwa inaruhusiwa kufika kama wati 76. 12400F Intel wenyewe wameandika inaweza kupanda hadi 117. Ila gemu haiikazi prosesa hivyo, inapelekwa hivyo na kazi za kuchakata video. Upande wa pili, ukiwa umekaa tu unasoma hapa jukwaani, Ryzen ndiyo inakula zaidi kidogo, kwa sababu ndani yake kuna vipande viwili: kipande cha kori na kipande cha mawasiliano ambacho hakilali vizuri. Ile ya Intel ni kipande kimoja.

Chukua tofauti kubwa kabisa, wati 30, cheza saa tano kila siku mwezi mzima. Ni uniti 4.5. Kwa uniti inayozidi kidogo shilingi 350, hiyo ni kama 1,600 kwa mwezi. Pasi ya nguo inakuumiza zaidi. Umeme usikuchagulie prosesa hapa.

Kisiki Kibichi
Haya ndiyo majibu sasa. Lakini bado Ryzen.

Dada wa Tabata
Kwa pesa hiyo nunua PS5 iliyotumika, kaa na watoto mcheze mpira. Mume wangu alianza na prosesa hivi hivi, leo sebule yangu ina makasha matatu matupu na skrubu kila mahali.

Bi Soketi
MwanaUyole, kadi ya picha jina lake nani? "Haina shida" siyo jina.

Tundu la Sindano
Na mimi nimeliona hilo. Anajibu kila kitu isipokuwa hicho.

MwanaUyole
Sawa. Kadi ni RX 6500 XT ya GB 4. Kaka yangu yuko Muscat, amenitumia na mtu aliyekuwa anarudi. Sikutaja kwa sababu najua mtaanza kuisema vibaya, nimeshasoma watu wanaidharau. Ni zawadi ya kaka, siiuzi wala siibadilishi, kwa hiyo isiwe sehemu ya mjadala.

Na jingine, mazabodi nimeshalipia kianzio laki moja. Ni B450. Muuzaji amesema inabeba 5600 bila shida akishaipandisha BIOS. Ram ni DDR4, vijiti viwili vya GB 8, nimeshanunua. Skrini ni ya hertz 75.

Kigoma Mjini
Sasa kama umeshalipia mazabodi ya AMD, ulikuwa unauliza Intel ya nini?

MwanaUyole
Kianzio siyo malipo yote mkuu. Nilitaka kuwa na uhakika.

Bi Soketi
Kaka yako amefanya jambo jema na hakuna atakayeidharau zawadi yake hapa. Lakini kadi hiyo ndiyo jibu la swali lako.

RX 6500 XT haiongei na mazabodi kwa njia 16 kama kadi nyingi kubwa. Ina njia 4 tu. AMD waliitengeneza hivyo wakitegemea itachomekwa kwenye PCIe 4.0 (toleo la nne la njia ya data kati ya kadi na mazabodi), ambapo njia 4 zinapitisha karibu GB 8 kwa sekunde. B450 ni PCIe 3.0. Hapo zinabaki GB 4, nusu kamili. Ukiwa na kadi ya GB 8 au 12 ungeweza usione kitu, kwa sababu picha za gemu zinakaa ndani ya kadi. Yako ina GB 4. Gemu ikijaza hizo, kadi inakimbilia ram ya kompyuta kuchota picha, na inachota kupitia hiyo njia nyembamba. Utaona gemu inakwama, inaruka, inakwama. Valorant haitakusumbua, ni nyepesi. GTA V ukipandisha ubora wa picha, na EA FC za karibuni, utaziona.

Kwa hiyo acha kulinganisha prosesa na prosesa. Linganisha 5600 kwenye B450 na 12400F kwenye H610, mazabodi ya Intel. H610, pamoja na unyonge wake wote, kwa kawaida tundu lake la kadi ni PCIe 4.0. Ukitaka kubaki AMD, iwe B550. Ni prosesa ileile, ila mazabodi haikuminyi.

MwanaUyole
Dada nakuheshimu, lakini nimeona video wanapima PCIe 3.0 na 4.0, tofauti asilimia moja au mbili. Na kianzio muuzaji harudishi. Pia B450 huko mbele inanipa njia ya kuweka 5700X3D. Kwangu mimi naona B450 bado iko vizuri.

Bi Soketi
Hizo video walipima kadi za njia 16. Ukikata nusu ya njia 16 bado unabaki na nyingi. Ukikata nusu ya 4 ndipo maumivu yanapoanza. Tafuta vipimo vya kadi yako yenyewe, vya Januari 2022 ilipotoka, utaona watu walivyolalamika hilo hilo.

Kuhusu 5700X3D uko sahihi, kashe yake ni MB 96 na ni prosesa nzuri mno kwa gemu. Lakini nayo itakaa juu ya mazabodi hiyo hiyo, na kadi hiyo hiyo.

Tundu la Sindano
Wakuu ngojeni kwanza. Mimi naona hii ni chai. Mwezi uliopita huyu huyu MwanaUyole alikuwa kwenye uzi wa laptop anasema hana hata hela ya bando, anatafuta mashine ya laki mbili ya shule. Leo ana kaka Muscat, kadi ya grafiki, kianzio Kariakoo na kiu ya kurusha mubashara. Ama anatunga, ama ni dalali anapima upepo wa bei. Angalieni bei alivyozitaja mwanzoni kabisa.

Kigoma Mjini
Eeh! Hapo umenena. Na "hadi kesho mchana" ni lugha ya madalali.

Mzee wa Viwanja
Nilijua. Vijana wa siku hizi.

Mzee wa Uniti
Dalali gani anafungua uzi ili aambiwe mazabodi yake haifai? Tumieni akili.

MwanaUyole
Tundu, laptop ile nilikuwa namuulizia mdogo wangu wa kike, ipo pale andiko lote nenda kasome mpaka chini. Na kweli mwezi uliopita sikuwa na hela. Tulikuwa tunasubiri viazi. Tumevuna, tumeuza, nimepata fungu langu. Sikujua mkulima wa viazi haruhusiwi kuwa na kompyuta. Nimekuja kuomba ushauri nisipoteze jasho langu, mnaniita dalali.

Tundu la Sindano
Maneno matupu. Weka picha ya kadi.

MwanaUyole
Simu yangu kamera imepasuka.

Kigoma Mjini
Sawa sawa, kamera imepasuka.

Bi Soketi
Picha haina haja. MwanaUyole, ishike kadi uitazame upande unaotokea nyuma ya kasha. Matundu ya kuchomeka skrini ni mangapi?

MwanaUyole
Mawili. Moja ni HDMI, jingine DisplayPort. Yaliyobaki ni bati tu. Na juu kuna tundu la waya wa pawa lenye pini sita.

Bi Soketi
Ndiyo yenyewe. Chipu ya kadi hiyo inamudu skrini mbili, mwisho. Mtu anayetunga angesema matatu au manne kama kadi nyingi zilivyo. Mimi naendelea naye.

Tundu la Sindano
Hata hilo liko mtandaoni. Lakini haya, nimekaa pembeni natazama.

Bi Soketi
Kuna kitu kingine, na hiki kinagusa kurusha mubashara. Hiyo 6500 XT haina sehemu ya kusimba video (kuibana ili irushwe mtandaoni), waliiondoa. Kadi nyingine zinafanya kazi hiyo zenyewe, yako itaitupia prosesa. Maana yake kori sita zitacheza gemu na kusimba video kwa wakati mmoja. Kati ya prosesa hizo mbili zote zitaweza kwa ubora wa kati, lakini usishuke chini ya hapo. Muuzaji akikwambia "chukua i3 hii, ni ileile tu", kataa.

MwanaUyole (asubuhi)
Nimempigia. B550 hana. Ila amesema ananipa Ryzen 5 5600G kwa bei ileile, ina grafiki yake ndani, kwa hiyo hata kadi ikisumbua bado nitaona picha. Naona kama hilo limetatua.

Mzee wa Uniti
Halijatatua chochote, limezidisha.

Bi Soketi
Usikubali. Herufi G inabadilisha mambo mengi. Kashe inashuka kutoka MB 32 hadi 16, na prosesa yenyewe ni PCIe 3.0, kwa hiyo hata ungeipata B550 baadaye, kadi yako ingebaki imeminywa. Ryzen 5 5500 nayo ni hivyo hivyo, akikuletea hiyo ujue. Grafiki ya ndani ni nzuri kwa asiye na kadi, na wewe unayo.

Muulize swali moja: kianzio kinaweza kuhama kwenda mazabodi nyingine ya dukani kwake? Kurudisha hela hataki, kubadilisha mzigo wengi wanakubali.

MwanaUyole
Amekubali! Ana H610. Naongeza 40,000 juu ya bei ya ile B450, na 12400F kwa 355,000 ileile. Feni inakuja sandukuni. Kabla sijatuma hela, kuna cha kuangalia? BIOS je?

Bi Soketi
BIOS usijali, mazabodi hizo zilianza na kizazi cha 12. Kikubwa ni ram. H610 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na matundu hayaingiliani. Wewe una DDR4. Kwenye majina mengi utaona D4 au DDR4 mwishoni, akupigie picha ya lebo ya sanduku, siyo ya mazabodi ikiwa mezani. Ina matundu mawili tu ya ram, na vijiti vyako ni viwili, kwa hiyo umeenea. Halafu mwambie waya wa pini sita wa kadi uwepo kwenye pawasaplai atakayokuuzia.

Kisiki Kibichi
Kwa hiyo Intel.

MwanaUyole
Lebo imekuja, imeandikwa DDR4. Pawasaplai ya wati 500 ina waya wa pini sita na mwingine wa nane. Natuma hela sasa, mzigo unapanda basi la kesho alfajiri.